Msimamizi wako hajiongezi: semina ya hamasa, kozi ya usimamizi, kozi ya kujiongeza, au umpe madaraka?

Kilio hiki utakisikia kwa mwenye duka lenye matawi mawili, kwa mkuu wa shule, kwa mwenyekiti wa SACCOS, kwa mama mwenye mgahawa, wote wanasema kitu kilekile: nimemweka mtu asimamie, cheo nimempa, mshahara nimeongeza, lakini kila jambo mpaka anipigie simu, na kitu kikiharibika sababu inatoka nje, mara umeme, mara mvua, mara wateja wa siku hizi, mara vijana hawana nidhamu, yeye mwenyewe hayumo kabisa kwenye hiyo hesabu. Na wapo wasimamizi wenyewe wanaojiona wako hivyo na wanatamani kubadilika, tena hao nawaandikia zaidi kuliko mabosi zao.

Swali huwa ni hela na muda viende wapi. Njia ambazo watu wanachagua ni hizo nne za kwenye kichwa cha habari, na hazifanani hata kidogo kwa gharama wala kwa matokeo, kwa hiyo naziweka pembeni kwa pembeni. Nasema mapema msimamo wangu: ya kugawa madaraka ndo ya kuanza nayo karibu kila mara, kozi ya kujiongeza inafuata, ya usimamizi wa kawaida ina wakati wake, na semina ya hamasa peke yake usiilipie.

Kabla ya kulinganisha, tatizo lenyewe

Mwaka 1966 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Julian Rotter, alichapisha mizani ya maswali 29, kila swali lina sentensi mbili na unachagua ile unayoiamini, moja inaelekea kwamba yanayokupata yanatokana na unachofanya wewe, nyingine inaelekea kwamba ni bahati, ni wakubwa, ndivyo dunia ilivyo. (Sita kati ya hayo 29 ni ya kupoteza maboya tu, hayahesabiwi.) Tangu hapo mizani hiyo na nyingine za aina yake zimetumika sana kupima wanafunzi, wafanyakazi, mameneja.

Mfano ninaoupenda ni wa mafuriko. Mwaka 1972 kimbunga Agnes kilileta mafuriko makubwa Pennsylvania na biashara ndogo nyingi zikaharibika, mtafiti anaitwa Anderson akawafuatilia wenye hizo biashara kwa kipindi kirefu. Maji yalikuwa yaleyale. Lakini walioamini mambo yako mikononi mwao walikuwa na msongo mdogo, walihangaika na tatizo lenyewe badala ya kuhangaika na hasira zao, na biashara zao zikasimama vizuri zaidi. Halafu kuna kipande ambacho watu hukiruka na ndo muhimu kwetu: wale wa mikononi mwangu ambao biashara ziliinuka wakazidi kuamini hivyo, na wale wa kulaumu nje ambao biashara zilishuka wakazidi kuamini kwamba hakuna wanachoweza. Yaani imani inazaa matokeo na matokeo yanarudi kuikuza imani, inazunguka, kwa hiyo ukitaka kumbadilisha mtu unaweza kuingilia upande wowote, na upande wa matokeo ni rahisi kuliko upande wa kumhubiria.

Kuna ushahidi mwingine unaoenda hukohuko. Wanasaikolojia wa Marekani Steven Maier na Martin Seligman ndio waliofanya majaribio ya mbwa ya mwaka 1967, mbwa waliopigwa shoti ya umeme bila njia ya kuizuia baadaye wakawa wanalala tu hata pale ambapo wangeweza kuruka wakatoka. Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa kwamba mnyama amejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wenyewe wakaandika kwamba walikuwa wamelishika kinyume, kwamba kulala na kutulia ndo hali ya kawaida ya mwili ukipigwa na mabaya kwa muda mrefu, kinachojifunzwa ni kwamba ninaweza kufanya kitu kikabadilika, na ubongo ukishajifunza hilo unaizuia ile hali ya kulala. Ukiliweka hili kazini, msimamizi asiyejiongeza mara nyingi hana kasoro ya tabia wala ya malezi, hajapata tu mara za kutosha za kuona kwamba alichoamua yeye kilibadilisha kitu. Jiulize kweli, tangu umempa cheo ameamua nini peke yake likasimama?

Nifunge hapa na onyo la Rotter mwenyewe, maana watu wanalisahau: mwaka 1975 aliandika kulalamika kwamba watu wanaifanya mizani yake kama vile wa ndani, wanaoamini mambo yanatoka kwao wenyewe, ni watu wazuri, na wa nje, wanaoamini yanatoka nje yao, ni watu wabaya. Siyo hivyo. Kuna mambo kweli yako nje, na kiongozi anayejilaumu kwa kila kitu naye ni tatizo, nitalirudia chini kwa sababu linaumiza watu.

Semina ya hamasa

Hii naipita haraka. Unalipa kiingilio, ukumbi umejaa, mzungumzaji ni hodari, mnapiga makofi, mnarudishia maneno, mtu anatoka ana moto wa siku tatu. Mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977 alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza: kufanya jambo mwenyewe akafanikiwa, kumwona mtu kama yeye anafanikiwa, kuambiwa na watu kwamba unaweza, na hali ya mwili na hisia zake wakati ule. Chenye nguvu kuliko vyote ni hicho cha kwanza, kuambiwa ni dhaifu kwa sababu jaribu moja gumu la Jumatatu asubuhi linakifuta chote. Semina ya hamasa imesimama karibu yote kwenye kuambiwa. Kama kuna mtu amefiwa na matumaini kabisa inaweza kumwamsha, sikatai, lakini kama hakuna kazi mpya inayomsubiri ofisini keshokutwa hela imeenda.

Kozi ya usimamizi wa kawaida, na kozi ya kujiongeza

Hizi mbili tuna bahati kwamba ziliwekwa kwenye mizani moja, na zikawekwa Afrika, Lomé nchini Togo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500, wakawagawa kwa bahati nasibu makundi matatu ya watu 500, kundi moja halikupewa kitu, kundi moja likapewa kozi ya kawaida ya biashara inayojulikana kimataifa, hesabu, fedha, masoko, wafanyakazi, kurasimisha biashara, na kundi la tatu likapewa kozi ya kujiongeza ambayo imetokana na kazi za mwanasaikolojia Michael Frese. Muda ulikuwa sawa, saa 36 za darasani ndani ya wiki 4, halafu mkufunzi anakuja kwenye biashara yako mara moja kwa mwezi kwa miezi 4. Kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka 2.

Waliofundishwa kujiongeza faida yao ilipanda asilimia 30 ukilinganisha na wasiopewa kitu. Wa kozi ya kawaida ilikuwa asilimia 11, na hiyo 11 kitakwimu haikuwa na uhakika, inaweza kuwa bahati tu. Kwa wanawake ndo ilikuwa mbali kabisa, asilimia 40 kwa kujiongeza na asilimia 5 kwa kozi ya kawaida. Gharama ilikuwa kama dola 750 kwa mtu, na faida iliyoongezeka ilikuwa kama dola 60 kwa mwezi, kwa hiyo ukipiga hesabu baada ya mwaka na kidogo hela yote imerudi.

Sasa ni nini hasa wanafundishwa? Hakuna cha ajabu, na hakuna mtu anayekuambia unaweza unaweza. Wanafundishwa vitu vitatu: kuanza mwenyewe bila kusubiri kuambiwa, kutazama mbele kabla tatizo au nafasi haijafika, na kuendelea ukikutana na kizuizi. Lakini kila kimoja kinafanyiwa mazoezi kwenye biashara yako wewe, unaweka lengo, unaandika hatua, unaandika kitakachokuzuia na utafanyaje kikikuzuia, unaenda unafanya, unarudi unasema kilichotokea. Kuna mama mmoja pale Lomé alikuwa anakodisha magauni ya harusi kama wenzake wengi, baada ya kozi akaangalia bibi harusi anahitaji nini kingine zaidi ya gauni akaanza kuviweka na hivyo. Gauni lilikuwepo siku zote, wateja walikuwepo siku zote. Hapa jirani zetu Kampala nao jaribio la aina hiyohiyo lilifanyika kwa wenye biashara kama 100, ripoti yake ilitoka mwaka 2014, na huko pia waliofundishwa walijianzishia mambo zaidi na biashara zao zikaenda vizuri zaidi.

Mtu atasema hao ni wenye biashara, sio viongozi. Ni kweli, na ndo mpaka wa ushahidi huu. Mwenye biashara yake akijiongeza hakuna wa kumzuia, msimamizi wa kuajiriwa akijiongeza anakutana na bosi. Kwa hiyo kozi hii ukimpeleka msimamizi wako halafu akarudi kwenye utaratibu uleule wa kuomba ruhusa ya kila kitu, umemfundisha kuogelea halafu umemrudisha jangwani.

Na kozi ya kawaida usiitupe. Kama msimamizi hajui kusoma hesabu ya stoo, hajui tofauti ya mauzo na faida, kujiongeza kwake kutakutia hasara, huyo kwanza ajue kazi. Ninachokataa ni ile desturi ya kudhani kwamba akishajua hesabu ataanza kuamua mambo, haviji pamoja.

Kugawa madaraka

Hii ndo njia ya bei ndogo kuliko zote na ndo ngumu kuliko zote, kwa sababu anayebadilika kwanza ni bosi.

Mwaka 1999 nahodha mmoja wa jeshi la maji la Marekani, David Marquet, alipewa manowari ya USS Santa Fe ghafla, wakati alikuwa amejiandaa kwa muda mrefu kuongoza manowari nyingine, kwa hiyo mitambo ya hii hakuijua vizuri. Kwenye zoezi akatoa amri ya mwendo fulani ambao kwenye manowari ile haupo. Ofisa wake alijua kwamba haupo, akairudia amri vilevile kumpa mtu wa usukani. Alipoulizwa kwa nini, akajibu kwamba ni kwa sababu umeniamuru. Marquet akaamua kuacha kutoa amri, isipokuwa ya kufyatua silaha, na maofisa wakaacha kuomba ruhusa, badala yake wanakuja wanasema "nakusudia kufanya hivi", wanaeleza kwa nini ni sahihi na kwa nini ni salama, yeye anasema sawa. Manowari ile ilikuwa na sifa mbaya na ikaja kuwa ya kupigiwa mfano. Lakini alisisitiza masharti mawili, watu wajue kazi yao na waelewe lengo, bila hayo kugawa madaraka ni kuwatelekeza.

Tulilete dukani, tawi la vifaa vya ujenzi. Simu ya zamani iko hivi:

"Bosi shikamoo, kuna mteja hapa anataka bati 40 anaomba apunguziwe mia tano kila moja, nimwambieje?"

Bosi yuko kwenye foleni ya benki, anafikiria, anasema mpe mia tatu, mteja amechoka kusubiri ameenda duka la jirani. Jioni msimamizi anaripoti kwamba biashara ilikuwa mbaya leo, na kwa upande wake anasema kweli, hakuna alichoamua yeye.

Simu mpya, baada ya kuwekeana utaratibu:

"Bosi shikamoo, kuna mteja wa bati 40, nakusudia kumpunguzia mia tano kila moja, analipa keshi na anachukua na misumari na kofia zake hapahapa, nimepiga hesabu faida bado ipo."

"Marahaba. Sawa."

Baada ya muda simu yenyewe haitakiwi, mnawekeana kikomo, tuseme punguzo lolote lisilozidi kiasi fulani aamue mwenyewe na aandike kwenye daftari kwa nini, na kila wiki mnakaa mnapitia daftari. Angalia vizuri kilichobadilika hapo, mtu ni yuleyule, mshahara uleule, lakini sasa mdomoni mwake kuna sababu yake na hesabu yake, na mteja akinunua ni yeye amefanya.

Kwa wanaosema watu wangu hawabadiliki, kiwanda cha magari cha Fremont, California kinatosha. General Motors walikifunga mwaka 1982, utoro ulikuwa juu ya asilimia 20 na wafanyakazi walihesabika ni wa hovyo kabisa. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, wakiajiri sehemu kubwa ya watu walewale, tofauti ni kwamba sasa mfanyakazi yeyote wa kawaida akiona kosa anavuta kamba, kiongozi wa kikundi anakuja wanasaidiana, na wasipolimaliza mstari mzima unasimama. Utoro ukashuka hadi kama asilimia 2. Na kwetu, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza utaratibu wa 5S wa Kijapani mwaka 2007, ule wa wafanyakazi wenyewe kuchambua, kupanga na kusafisha sehemu zao za kazi na kubuni maboresho, ikawa mfano kwa hospitali nyingine nchini. Hakuna aliyesubiri jengo jipya.

Pale ambapo kujiongeza kunaumiza

Jamani hapa naomba mabosi msome polepole. Kuna mtafiti wa afya, Sherman James, aliwachunguza wanaume weusi wa North Carolina, Marekani, miaka ya 1980, akaona kwamba wale wenye imani kali kwamba nikikaza nitashinda chochote, lakini hawana elimu wala rasilimali za kushindia, shinikizo lao la damu lilikuwa juu zaidi. Kukaza bila uwezo mwili unalipa. Kwa hiyo bosi anayemwambia msimamizi "jiongeze" huku hana bajeti hata ya elfu kumi, hana ruhusa ya kumbadilishia mtu zamu, na lawama zote ni zake, huyo hamkuzi mtu, anamhamishia mzigo. Ukitoa lawama toa na madaraka, kwa kiwango kilekile.

Na wewe msimamizi, tenganisha. Chukua mkuu wa shule ambaye ruzuku imechelewa. Tarehe ya ruzuku kufika haiko mikononi mwake na asijitese nayo. Lakini kuitisha kikao cha wazazi mapema, kupanga kipi kinunuliwe kwanza, kukubaliana na mwenye duka la vifaa kwa maandishi, kumwandikia ofisa elimu kwa takwimu badala ya malalamiko, hayo yote ni yake. Akisema hakuna ninachoweza amekosea, na akisema yote ni kosa langu amekosea vilevile. Mimi huwa nashauri karatasi moja ya Ijumaa, tatizo la wiki juu, chini sehemu mbili, langu na lisilo langu, halafu kwenye langu hatua moja tu yenye siku na saa. Moja, kwa sababu ikifanikiwa hiyo moja ndo inayojenga.

Sasa uchague nini

Kama wewe ni bosi na mtu wako anaijua kazi lakini anakupigia simu kwa kila kitu, usimpeleke popote, anza na madaraka wiki hii, chagua maamuzi mawili au matatu yanayojirudia, weka kikomo, na akikosea ndani ya kikomo usimnyang'anye, pitieni daftari pamoja. Hapo ndo mabosi wengi wanaposhindwa, kosa la kwanza tu anarudisha kila kitu mezani kwake, na mtu amejifunza kwamba kuamua ni hatari.

Kama haijui kazi, kozi ya kawaida kwanza, ile fupi inayohusu kazi yake hasa, madaraka yaje kidogokidogo nyuma yake.

Kama ana madaraka tayari na bado amekaa, au ni mtu anayeendesha chake, kikundi, VICOBA, mradi wa kanisa au msikiti, kozi ya kujiongeza ndo mahali pake. Zikikosekana za jina hilo karibu na wewe, ukiwa unatafuta uliza maswali haya kwa anayeuza kozi: nitafanya mazoezi kwenye kazi yangu au kwenye mifano ya kwenye makaratasi? Utakuja kunitembelea baada ya darasa, mara ngapi? Akikosa jibu la hilo la pili, hiyo ni semina imevaa jina la kozi. Yale matembezi ya kila mwezi Lomé yalikuwa sehemu ya kozi yenyewe, mtu anaulizwa ulichoandika umekifanya?

Na kama wewe ndo msimamizi wa kuajiriwa na bosi hataki kuachia, usianze kwa kudai madaraka yote, atakuona unampindua. Chagua jambo moja dogo linalomchosha yeye, mwandalie kama vile mmekubaliana tayari: mzee, oda za saruji za kila Jumanne nakusudia kuzishughulikia mwenyewe, kikomo changu kitakuwa mifuko kadhaa, jioni nakutumia picha ya risiti kwenye WhatsApp, ukiona halijaenda sawa baada ya mwezi tunarudisha ulivyokuwa unafanya. Mpe tarehe ya kukukagua. Wengi wanakubali likija hivyo, maana anabaki na breki mkononi, na mwezi ukiisha salama unaomba la pili.